Fader Yangu na Muziki wa Vifo

Nyinyi vijana wa studio mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijaanza kuyasahau. Mmeomba kwa adabu, lakini hilo la kusahau nimelisikia. Sawa. Nimestaafu wiki sita sasa, kuku wangu hapa mtaa wa Section 58 wameshanizoea, na sina mtu mwingine wa kugombeza. Kaeni chini.

Kwanza niwaambie nisiyoyaandika. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana ni hadithi fupi sana: sikupandishwa. Niliingia fundi wa mitambo, nikatoka fundi wa mitambo, miaka ishirini na miwili baadaye, na mgongo mbaya. Watangazaji walikuja na majina ya kujibandika, wakapata umaarufu, wakaenda siasa au wakafungua kanisa. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo tu, nawapandishia sauti waliporemba na kuwashushia walipokohoa.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Oduor. Kituo chetu, mnajua, kiko juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo kazi yangu yote imenuka dawa ya kupe. Mzee Oduor alikuwa amefanya redio Nairobi miaka mingi, na alisema alihamia Nakuru kwa sababu ya hewa. Ukweli ni kwamba alikuwa amegombana na kila mtu Nairobi, akabakisha sisi. Alinipa bisibisi, kitambaa cha kupangusia CD, na kiti cha miguu mitatu kilichoegemezwa kwenye vitabu vya simu. Akaniambia hivyo ndivyo vifaa vyangu na nisiombe vingine.

Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba kimya ni haramu. Alisema redio ikinyamaza sekunde kumi, watu wa Njoro wanaanza kufikiri serikali imepinduliwa. Ndiyo maana tulikuwa na kile kisanduku cha kijivu chenye taa nyekundu juu ya rafu, ambacho nyinyi siku hizi mnaanikia soksi. Kazi yake ilikuwa kusikiza kinachoenda hewani. Kimya kikifika sekunde kumi, king'ora kinalia na mashine ya akiba inajiwasha yenyewe. Ndani ya ile mashine kulikuwa na CD moja ya kwaya, ngoma na vigelegele mwanzo hadi mwisho. Mzee Oduor alikipenda kile kisanduku kuliko mke wake, na mke wake mwenyewe alinithibitishia.

Somo la pili lilikuwa fader, kile kidude unachosukuma juu sauti ipande na kukivuta chini ishuke. Alisema fundi mzuri ni kama chumvi, watu humkumbuka akikosekana. Akanikalisha wiki mbili nikisukuma na kuvuta bila kugusa kitu kingine. Nilirudi nyumbani vidole vinacheza juu ya sahani ya ugali, na mume wangu akaniuliza kama nimerogwa.

Sasa tuingie kwa vifo.

Mgeni wa kazi hii huenda asielewe, lakini huku kwetu mtu hajafa mpaka redio iseme. Daktari anaweza kuandika, chifu anaweza kuandika, mwili unaweza kuwa mochari tangu Jumatatu, lakini shangazi yake wa Elburgon atakwambia yeye hajasikia chochote. Saa saba mchana na saa moja jioni ndipo Nakuru yote huinamisha sikio. Msomaji wetu alikuwa Esther, mama mnene mcheshi ambaye akikaa mbele ya maiki sauti yake huvaa nguo nyeusi. Na chini ya sauti yake lazima kuwe na muziki wa polepole usio na maneno. Bila muziki, orodha ya marehemu inasikika kama mwalimu wa zamu anaita majina asubuhi.

Muziki tuliokuwa nao ulikuwa kaseti ya kinanda cha kanisa. Ilikuwa imezeeka mpaka nyimbo zikawa zinapepesuka. Familia moja ilitupigia simu kuuliza kama tunamaanisha kwamba mzee wao alikuwa mlevi. Alikuwa mlevi, lakini hilo halikuwa letu kusema.

Ndipo akaja Mwalimu Rotich. Alipanda ngazi zetu asubuhi moja, mrefu, sweta yenye viraka vya viwiko, matope ya Elburgon kwenye viatu, na CD aliyoifunga kwa leso kama yai. Alikuwa anafundisha muziki shule moja ya sekondari huko, na alitaka tucheze kazi yake. Alieleza kwamba alikuwa ameweka kinasa sauti ndani ya kiwanda cha kupasua mbao siku kadhaa. Akagundua kwamba ule msumeno mkubwa, ukizunguka bila gogo, hushika noti moja bila kuyumba. Akakitafutia kinanda chake noti hiyo, akacheza juu yake taratibu sana, noti moja, halafu unangoja, halafu nyingine, kama mtu anayepapasa funguo gizani. Dakika kumi na nane.

Meneja alisikiza dakika moja, akauliza mwimbaji anaingia saa ngapi. Mwalimu akasema hakuna mwimbaji. Meneja akamuuliza kama mwimbaji ni mgonjwa. Mwalimu, bila hasira, akaeleza kwamba ni muziki wa vyombo peke yake, wa kukaa nao, na kwamba nchi za nje wanauita ambient. Mzee Oduor akasema sisi hapa tunauita stima imepungua.

Nilicheka, nakiri. Mwalimu hakucheka. Alinipa ile CD mkononi, mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote mle ndani, akaniambia, "Sikiza mpaka mwisho, mama. Tafadhali, mpaka mwisho."

Nikamwambia nitasikiza. Sikusikiza.

Haikupita wiki, ile kaseti ya kinanda ikatafunwa na mashine Esther akiwa hewani, katikati ya wajukuu wa marehemu mmoja. Nilinyakua CD iliyokuwa karibu, nikaitumbukiza, nikasukuma fader. Ilikuwa ile ya Mwalimu. Jamani, studio ilibadilika. Ule mvumo wa msumeno uliingia chini ya sauti ya Esther kama mtu aliyekuja kushika mzigo upande wa pili. Esther mwenyewe akapunguza mwendo. Majina ya watu nisiowajua yakaanza kuniuma. Mzee Oduor, aliyekuwa mlangoni na kikombe, alivua kofia.

Tukafika dakika ya nne. Huko kiwandani, kumbe, dakika hiyo walizima mashine wabadilishe msumeno, na Mwalimu aliuacha ule ukimya kama ulivyo, sekunde kumi na tano nzima. Esther naye alikuwa anafungua ukurasa. Kisanduku kikahesabu kumi, king'ora kikalia, mashine ya akiba ikaruka na ngoma na vigelegele juu ya kifo cha mzee wa kanisa wa Molo. Nilihangaika na nyaya karibu dakika nzima kabla ya kuinyamazisha. Nusu ya familia ilitupigia kutulaani. Nusu nyingine ilishukuru, ikisema hiyo ni ishara kwamba mzee ameingia mbinguni akicheza.

Meneja alisema muziki ule utolewe. Esther akakataa, akasema hajawahi kusoma vizuri hivyo tangu azaliwe. Mzee Oduor ndiye aliyetoa suluhisho: tuukate kabla ya kimya. Dakika ya tatu na sekunde hamsini, vuta fader polepole, rudisha mwanzo, sukuma tena. Nikafanya hivyo siku hiyo jioni, nikafanya kesho yake, nikafanya miaka kumi na mmoja, mara mbili kwa siku. Mkono wangu uliijua ile sekunde ya hamsini kama punda anavyojua kwao. Upande wa pili wa kile kimya sikuwahi kufika, wala haikunijia kwamba kuna kitu huko.

Muziki ule ulishika, na uliposhika haukuachia. Kinyozi alikuwa akiusikia anazima mashine, mteja anabaki na nusu kichwa. Kamere, kule ziwani, kina mama wa samaki wa kukaanga walikuwa wanauacha mkono juu ya karai mpaka jina la mwisho, na wateja wao walizoea samaki wa saa saba kuwa ameungua. Watoto wa ploti yetu wakizika kifaranga walikuwa wanauimba kwa pua. Jirani yangu mmoja aliuweka kwenye simu yake uwe unalia mama mkwe anapopiga. Nilimwambia aache. Sikumwambia kwa nguvu.

Mwalimu Rotich mwanzoni alifurahi. Alikuwa ananipigia simu ya kituo, ananiambia amesikia. Halafu kila mara anauliza, kwa upole uleule, lini tutaucheza wote. Mimi namjibu, "Siku watu watakufa wengi, Mwalimu." Nilijiona mcheshi sana.

Kisha ikafika siku ya wazazi shuleni kwake. Mwalimu mkuu alimwomba apige kinanda wakati wa kugawa zawadi, naye akapiga kile alichokipenda. Wazazi wakaanza kusimama mmoja mmoja. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja akauliza kwa sauti ni mtoto wa nani, na kabla hajajibiwa watatu walikuwa chini wanalia. Ilibidi mwalimu mkuu ashike maiki atangaze kwamba hakuna mtu amekufa, na hata hapo wengine hawakuamini mpaka walipowashika watoto wao kwa mikono yao. Kuanzia siku hiyo hakuombwa tena kupiga. Kanisani walimtoa kwenye kinanda, maana hata akipiga wimbo wa harusi watu walisikia jeneza. Mwanamume aliyekuwa amengoja maisha yake yote ajulikane kwa muziki wake, sasa kila mtu anaujua, na hakuna anayetaka kuusikia akiwa karibu.

Haya yote sikuyajua mpaka alipokuja tena. Mzee Oduor alikuwa ameshatutoka wakati huo. Tulimsoma wenyewe, Esther analia kati ya majina, mimi narudisha dakika nne zilezile mara tatu. Mwalimu alikaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu. Nikaona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, hata alipoikalisha magotini. Alisema daktari amemwambia itazidi, na kwamba kama anataka kucheza kitu, acheze mwaka huu. Alitaka mara moja tu, mbele ya watu, acheze kazi yake yote, ile sauti ya kiwanda ikipita chini kwenye spika na yeye juu. Alikuwa amebandika makaratasi mjini na Elburgon. Watu waliyabandua. Mmoja alimwambia ana mkosi.

Halafu akaniuliza, "Lakini wewe, mama, ulisikiza mpaka mwisho?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimefanya mazoezi miaka kumi na mmoja. Lakini ile mikono iliniangalia, nikasema hapana.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwisho kuna sauti ya baba yangu. Alikuwa anapasua mbao pale. Alikufa mwezi ule niliowaletea CD. Nilitaka asikike kwa redio mara moja."

Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa msichana. Nilitaka niicheze papo hapo, na hapo ndipo aibu ilipozaa pacha. Tulipohamia kompyuta, niliingiza zile dakika nne peke yake, za nini nyingine? Na CD yenyewe niliipeleka nyumbani. Ilikuwa imening'inia kwenye shamba langu la sukuma wiki, inafukuza ndege. Nilimwambia. Akauliza kama ndege wanaogopa. Nikasema hawaogopi. Akasema anayo nakala yake, na kwamba baba yake anasema nini nitasikia nikiwa na watu, sio peke yangu.

Nikajiapiza nitamtafutia watu. Nilichotaka ni huyo mtu acheze mbele ya ukumbi uliojaa, kabla mikono haijakataa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuutoa ule muziki kwenye vifo, ili watu wausahau. Niliweka wa fidla, mzuri tu. Saa moja na nusu simu zikaanza. Familia ya Njoro ilisema mama yao hajasomwa. Nikawaambia amesomwa, jina lote, watoto wote. Wakasema hapana, amesomwa bila ule muziki, kwa hivyo ndugu wa mbali wamefikiri ni tangazo la mkutano. Walisogeza mazishi siku mbili mpaka asomwe upya, na meneja akaniamuru nirudishe kitu cha watu.

La pili lilikuwa kinyume chake. Nilifikiri, tuuzoeshe watu, uwe muziki wa kila siku. Nikauweka chini ya bei za sokoni. Msomaji alifika bei ya viazi Molo, na mkulima mmoja akapiga simu kuuliza soko limekufaje. Mwingine aliuza viazi vyote siku hiyo kabla mambo hayajaharibika zaidi. Nilipewa barua ya onyo, ya pili katika maisha yangu. Ya kwanza nilimwaga chai kwenye mitambo.

Usiku ule halikunijia wazo lolote. Lilinijia asubuhi nikilisha kuku. Nilikumbuka Mzee Oduor alikuwa anasema watu hawasikizi redio, wanaiacha iwake. Kusikiza wanasikiza mpira na vifo. Na mpira sikuwa na uwezo nao.

Niliandika karatasi, nikaichomeka katikati ya zile za saa saba, nikamwambia Esther asome alichopewa. Alifika kwenye hiyo karatasi, msumeno unavuma chini yake, na akasoma hivi:

"Kwa unyenyekevu na kwa kukubali mapenzi ya Mungu, tunatangaza kwamba Mwalimu Rotich wa Elburgon bado yuko hai. Ni mwana wa marehemu mpasua mbao, mume wa Mary, baba wa watatu, na mwalimu wa wengi wasiojua kuimba. Ndiye aliyetunga muziki huu mnaousikia. Familia, marafiki na majirani watakutana Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kanisa Section 58, ambapo ataucheza wote, mpaka mwisho."

Kwenye "bado yuko hai" alisita kidogo, akanitupia jicho kupitia kioo, kisha akaendelea na sauti ileile ya makaburini. Huyo ndiye mtangazaji. Wengine wenu mngecheka.

Meneja alifika akiwa na kiatu kimoja. Aliuliza kama nimewehuka, kama najua kwamba vifo ni kitu kitakatifu, kama najua familia za wale wengine waliosomwa zitasema nini. Nilimwambia najua, na kwamba ningefanya tena. Akanisimamisha kazi mpaka Jumatatu, ndipo aamue kama nitafutwa. Nilibeba bisibisi yangu nikaenda nyumbani. Sikuwa jasiri, mnielewe. Nilikuwa nimebakisha miaka miwili nistaafu.

Jumamosi saa saba na nusu ukumbi ulikuwa na watu watatu: Mwalimu, mke wake Mary, na mimi. Mwalimu alikuwa anaunganisha nyaya kwa ile mikono na kukataa kusaidiwa. Mimi nilihesabu viti vitupu mpaka nikachoka. Nikajiambia, Tabitha, umemzika mara ya pili.

Halafu wakaanza kuingia. Waliingia wamevaa nyeusi. Kina mama na leso viunoni, na machupa ya chai, na sufuria za githeri zilizofunikwa kwa sahani. Wazee na bakora. Watu wa Njoro, watu wa Molo, kina mama wawili wa samaki kutoka Kamere. Walibeba viti vya plastiki kutoka kwa jirani bila kuombwa. Mtu wa kwetu anaweza kukosa harusi ya ndugu yake na akalala vizuri, lakini matanga hakosi. Wengine hawakuwa wamesikia vizuri lile la kuwa hai. Mzee mmoja alimpa Mwalimu mkono, akamwambia pole sana, akaenda kukaa.

Mwalimu hakuhutubia. Aliwasha sauti ya kiwanda, akaketi, akaweka mikono.

Msumeno ulipoanza kuvuma, vichwa vyote viliinama kwa pamoja, kwa mazoea. Noti yake ya kwanza ilitetemeka. Ya pili pia. Lakini ule muziki ni wa polepole kiasi kwamba ulizipokea zote, na baada ya muda nikaacha kuiangalia mikono. Dakika nne za kwanza kila mtu alizijua. Wengine walikuwa wanaziimba kwa pua. Ilipokaribia ile sekunde ya hamsini, mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe mapajani uende ukavute. Niliukalia.

Ukaja ule ukimya. Sekunde kumi na tano, na hakuna kisanduku. Watu waliinua vichwa wakatazamana, maana hapo hakuna aliyewahi kufika. Kisha msumeno mpya ukaanza, chini kidogo kuliko wa kwanza, na kinanda kikaenda mahali ambapo hakikuwahi kwenda kwenye redio yetu. Mvua ilisikika ikipiga mabati ya kiwanda. Lori lilirudi nyuma. Mary alikuwa anatazama sakafu. Mama mmoja mbele yangu alilia bila kujificha, na aliyekaa naye, ambaye nadhani hawakujuana, akamshika mkono. Mimi nililia kwa ajili ya Mzee Oduor, yule mzee mgomvi, ambaye tulimpa dakika nne tu, tena kwa kurudia.

Mwishoni kinanda kilinyamaza, ukabaki msumeno peke yake. Nyayo zikapita kwenye vumbi la mbao. Na sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, ikasema:

"Haya, zimeni hiyo. Chai iko tayari. Kujeni kabla haijapoa."

Msumeno ukashuka, ukashuka, ukanyamaza. Ndio ulikuwa mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha ajuza mmoja wa nyuma, chupa yake mapajani, akasema, "Yangu ni ya maziwa, na iko moto." Ukumbi mzima ukacheka, kicheko cha watu waliokuwa wanalia sasa hivi, na wakaanza kufungua machupa. Mwalimu alikuwa bado ameketi, mikono juu ya kinanda, anacheka na machozi yanadondoka kwenye vibonyezo. Yule mzee aliyempa pole alimpelekea kikombe, akamuuliza ile sauti ni ya nani.

"Ni baba," Mwalimu akasema.

Mzee akafikiri. "Kumbe ametuita chai miaka yote hii, na redio inamkata."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilikunywa chai yangu.

Jumatatu meneja hakunifuta. Simu zilikuwa zimeanza tangu Jumapili, watu wanataka ule muziki wenye chai. Mwalimu alitupa nakala yake nzima, lakini meneja alisema tatizo ni kisanduku. Nikapanda kwenye kile kiti, nikakiteremsha kutoka kwenye rafu, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nyuma yake, chini ya vumbi, kulikuwa na skrubu ndogo, na pembeni yake namba: kumi, ishirini, thelathini. Niliizungusha kwa bisibisi yangu ya siku ya kwanza. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Mzee Oduor hakunionyesha, au hakujua, na mimi miaka yote ile sikuwahi kukigeuza nitazame nyuma. Nilikaa chini nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Hata hivyo majina huisha kabla ya dakika kumi na nane, na tangazo la biashara halingoji mtu, kwa hivyo baba yake Mwalimu hakufika hewani mpaka siku yangu ya mwisho kazini. Siku hiyo majina yalikuwa manne. Mwalimu nilikuwa nimemwambia akae karibu na redio. Mikono yake sasa haishiki hata kikombe, Mary ndiye anayemnywesha. Esther alimaliza, akavua vipokea sauti vya masikioni, akakunja mikono. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuja mbio kuniambia tangazo la mbolea limepita wakati. Nilimwambia mbolea ingoje. Nilikaa pale na mkono mapajani mpaka ile sauti kavu ikatoka, ikaenda Njoro, ikaenda Molo, ikashuka mpaka Kamere, ikawaambia watu wazime mashine. Simu ya kwanza kupigwa ilikuwa ya Mary. Alisema Mwalimu hawezi kuongea sasa hivi, amekwenda jikoni kujaribu kuweka maji motoni mwenyewe.

Basi ndio hayo. Kisanduku kiko kwenye thelathini, msikiguse. CD ile nimeitoa kwenye sukuma wiki. Na siku mtakayonisoma mimi, nisomeni haraka, watoto wangu si wengi na vyeo sina. Kisha iacheni fader mahali ilipo. Kuna mzee ana chai.